Kisu cha mfukoni na inchi 3 za sheria

Kabla sijajua kuandika jina langu vizuri nilikuwa najua kumenya chungwa. Nimekulia Muheza, mkoa wa Tanga, na mama alikuwa akiuza machungwa stendi, mabasi ya Tanga na Dar yakisimama dakika chache tu, abiria wakitoa mikono dirishani. Chungwa la biashara halimenywi kama la kula nyumbani. Unatoa lile ganda la juu tu, jembamba, litoke kama utepe mmoja kutoka kichwani mpaka kitakoni, na ule weupe ubaki umelishika tunda. Ukizamisha kisu kidogo tu, chungwa linavuja na mteja anachagua la jirani. Kwa hiyo kisu lazima kiwe chembamba, chepesi, na kikali kwelikweli. Mama alikinoa kila alfajiri kwenye kizingiti cha saruji, kisha akageuza kikombe cha udongo juu chini na kumalizia kwenye ule ukingo wa kitako unaokwaruza. Mpaka leo nikisikia sauti ile, chuma juu ya kikombe, najua kumekucha.

Sasa naishi Sheffield, Uingereza, huu ni mwaka wa 11, kazi yangu ni kutunza wazee majumbani, na nina visu 14 vya kukunja ndani ya droo moja. Kila nikiweka picha ya kisu kwenye status napata ujumbe wa aina mbili. Wa kwanza: "Dada, na mimi nitafutie." Wa pili: "Dada, hutafungwa?" Naanza na wa pili, kwa sababu kuna wadogo zetu wengi hapa wanatembea na visu ambavyo hawajui kama vina kesi.

Sheria yenyewe ni ya 1988, ile ya Haki ya Jinai, kifungu cha 139. Nazungumzia England na Wales. Scotland wana sheria yao. Inasema ni kosa kuwa na kitu chenye makali au ncha mahali pa umma bila sababu ya msingi. Halafu inaacha upenyo mmoja: kisu cha kukunja cha mfukoni, ambacho makali yake hayazidi inchi 3. Hiyo ni sentimita 7.62. Kisu cha namna hiyo unaweza kutembea nacho bila kulazimika kuwa na sababu.

Wengi wanaishia hapo, na hapo ndipo wanapoumia. Maana "cha kukunja" mahakama imekipa maana yake. Katika kesi ya Harris, Mahakama Kuu iliamua kwamba kisu chenye loki, kile ambacho ukikifungua ubapa, yaani lile bamba lenye makali, unakaza wazi na haurudi mpaka ubonyeze kitu au uzungushe pete, si kisu cha kukunja kwa maana ya sheria hii. Kinahesabiwa sawa na kisu cha jikoni chenye mpini usiokunjika. Hata kikiwa na inchi 2. Hata kikiwa kizuri namna gani. Kinachoruhusiwa ni kile kinachoshikiliwa na springi ya mgongoni tu, unakisukuma kinafunga, basi.

Sikulijua hilo. Kwa miaka miwili ya mwanzo nilitembea na Opinel namba 8 ndani ya mkoba, nikimenyea machungwa kwenye bustani wakati wa mapumziko. Opinel ni kisu cha Wafaransa, kimeanza Savoie mwaka 1890, mpini wa mbao mviringo, na tangu 1955 kina pete ya chuma shingoni ambayo ukiizungusha ubapa haurudi. Namba 8 ina ubapa wa sentimita 8.5. Kwa hiyo kilikuwa na makosa mawili: urefu umezidi, na pete ni loki. Miaka miwili! Nilipanda nacho basi, niliingia nacho madukani, nilipita nacho mbele ya polisi nikiwasalimia. Nikikumbuka bado moyo unanipiga, maana adhabu ya juu ya kosa hilo ni kifungo cha miaka 4, na kwa mtu wa viza kama nilivyokuwa wakati ule, sijui ningewaeleza nini nyumbani.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mstaafu, aliyefanya kazi viwanda vya visu tangu ujana. Nilikuwa nakutana naye Jumapili kwenye soko la mitumba, lile la watu kupanga vitu nyuma ya magari yao. Aliniona namenya chungwa, akasimama akatazama utepe mpaka ulipokatika mwenyewe mwishoni, akapiga makofi. Kisha akaomba akione kisu. Akazungusha pete, akanitazama usoni, akaniambia taratibu nikifunge, nikitie ndani kabisa ya mkoba, niende nacho nyumbani moja kwa moja, na kisitoke tena. Alinieleza kila kitu pale pale tumesimama kwenye baridi. Nilimchukua kuwa baba tangu siku hiyo.

Mambo mengine aliyonifundisha, nawapa kama alivyonipa. Ukiulizwa na polisi kisu ni cha nini, usithubutu kusema cha kujilinda. Kuna sheria ya 1953 inayohusu silaha za kudhuru, na ukishasema unacho ili umchome atakayekuvamia, hata kile kidogo cha halali kimegeuka silaha kwa mdomo wako. "Nilikisahau mfukoni" peke yake si sababu ya msingi. Kukiacha ndani ya gari si kukiacha nyumbani. Fundi wa zulia anayekwenda kazini na kisu chake ana sababu. Fundi huyo huyo akiwa baa Jumamosi usiku na kisu kile kile hana. Na yapo majengo, mahakama mojawapo, ambako hata kile cha halali hakivuki mlango, mlinzi atakichukua. Mimi nimejiwekea la kwangu zaidi: siendi na kisu kazini. Naingia nyumba za watu wazee, wengine wamechanganyikiwa, wengine wana hofu. Pakiti za dawa nafungua kwa mkasi wao wenyewe.

Kuna jambo linanikera na nitalisema. Mwaka juzi niliagiza kisu kwenye duka moja la mtandaoni, wameandika kwa herufi kubwa kwamba ni halali kubeba Uingereza. Kimefika, ubapa inchi 2 na nusu, sawa, lakini nimekifungua nikasikia "ka!", kibamba cha ndani kimesogea na kuuzuia ubapa. Loki. Niliwaandikia wakanijibu kwamba urefu ndio unaoangaliwa. Si kweli, na kijana wa miaka 19 akiamini maneno yao hatawaita mahakamani wamtetee. Kwa hiyo usisome tangazo, soma kisu. Kifungue, kisha sukuma ubapa kwa kiganja upande wa mgongo wake, taratibu. Ukirudi bila kubonyeza wala kuzungusha chochote, huo ndio mtihani wa kwanza. Wa pili ni rula.

Kuna visu vizuri vinavyopita mitihani yote miwili, huna haja ya kuhangaika. Vile vyekundu vya Waswisi vya Victorinox, vya milimita 84 na 91, vinapita; huo ni urefu wa kisu kikiwa kimefungwa, si wa ubapa. Vile vikubwa vya milimita 111 vingi vina loki, hivyo vya nyumbani. Kama roho yako iko kwenye Opinel kama yangu, namba 5 haina pete na ubapa wake ni sentimita 6. Kuanzia namba 6 kwenda juu pete ipo.

Lakini ninachotembea nacho mimi kila siku ni kile alichonipa mzee. Nilikuwa nimemletea mfuko wa korosho kutoka nyumbani. Akatoa kisu kwenye kitambaa, mpini wa pembe nyeusi ya nyati, ubapa mmoja wa chuma cha kaboni, makali yamenyooka kabisa kama mstari na mgongo umeshuka kukutana nayo kwenye ncha butu. Umbo hilo wanaliita mguu wa mwanakondoo, na ni la hapa hapa Sheffield. Kabla ya kunipa alikiweka karibu na sikio, akakifungua na kukifunga mara tatu huku amefumba macho, anasikiliza springi. Ubapa ukitua kwenye springi vizuri unatoa sauti moja kavu. Ukisikia sauti mbili, au mkwaruzo, kuna kitu hakijakaa. Alipotosheka akanyoosha mkono mwingine, kiganja wazi, akataka senti. Nilidhani ananiuzia. Kumbe kwao kisu hakitolewi bure kwa rafiki, kitakata urafiki. Lazima anayepewa arudishe sarafu, hata ndogo kuliko zote. Nilimpa peni moja. Na mimi nikamwambia la kwetu, kwamba mama hakupokei kisu ukimwelekezea ncha, unaweka mezani au unampa mpini. Alilipenda sana hilo.

Sheffield ni mji wa visu tangu zamani mno. Chama cha mafundi visu cha hapa, Company of Cutlers, kilianzishwa 1624. Ndani ya ukumbi wao kuna kisu kinaitwa Norfolk, kilichotengenezwa na kampuni ya Joseph Rodgers kwa ajili ya maonyesho makubwa ya London ya 1851, kina bapa na zana 75 kwa jumla. Nami nilimwahi Stan Shaw kwa macho, kule jumba la makumbusho la Kelham Island, bingwa wa visu vya kukunja aliyeanza kazi hii akiwa na miaka 14 na kufariki 2021 akiwa amepita 90. Nilisimama nikatazama mikono tu. Alikuwa akisugua, anatazama kwenye mwanga, anasugua tena mara mbili, anatazama. Hakuwa na haraka hata kidogo.

Na mji huu ndio wa Harry Brearley, aliyeyeyusha chuma kisichoshika kutu mwaka 1913. Walikijaribu kwa siki na maji ya limau, kwa sababu asidi ya chakula ndiyo adui wa kisu. Mimi sikuhitaji kusimuliwa. Kisu cha mama kilikuwa cheusi kwa machungwa.

Hapo sasa tuingie kwenye utunzaji, sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Chuma cha kaboni ukimenyea chungwa na kukiacha dakika tano, kinabadilika rangi. Kwanza kinakuwa kama mafuta juu ya maji, buluu na zambarau, kisha kijivu. Wengi wanashtuka wanakisugua kwa msasa. Usisugue! Ile si kutu, ni ngozi ambayo chuma kinajivalisha, na ikishakomaa inakisaidia kisishike kutu upesi. Kutu ni nyekundu, inakwaruza kwenye ukucha, na hiyo ndiyo ya kutoa. Mimi kisu kipya cha kaboni nakimenyea machungwa mfululizo wiki nzima kwa makusudi, nakipangusa kila mara. Siku za mwanzo chungwa linakuwa na ladha ya chuma kwa mbali. Baadaye inaisha.

Baada ya kazi: maji ya vuguvugu, tone la sabuni, mswaki mkuukuu ndani ya mfereji wa mpini, maana uchafu wa mfukoni, nyuzi na vumbi, unajikusanya pale chini na kuuzuia ubapa usizame. Kijiti cha meno kwa pembeni. Kikaushe kikiwa wazi, usikifunge na unyevu. Kisha tone moja la mafuta kwenye bawaba, funga fungua mara kumi, pangusa yanayotoka jeusi, rudia mpaka yatoke meupe.

Mafuta gani? Nililipia somo hili. Mwaka wa kwanza nilitumia mafuta ya nazi, ndiyo niliyokua nayo, ndiyo mama aliyapaka kila kitu kuanzia nywele mpaka bawaba za mlango. Muheza yanabaki maji. Sheffield mwezi wa Januari yaligeuka nta ndani ya kisu, springi ikawa nzito, nikavunja ukucha nikijaribu kufungua. Mafuta ya nazi yanaganda chini ya nyuzi 24 hivi. Na mafuta mengine ya kupikia yanaoza, yananata na kunuka. Nunua mafuta ya madini yale masafi yasiyo na harufu, yanayopakwa vibao vya kukatia jikoni. Chupa moja nimekaa nayo miaka minne.

Kosa langu jingine lilikuwa la pembe. Nilikiosha kile cha mzee, nikakilaza juu ya kipasha joto cha ukutani kikauke haraka. Baada ya saa moja pembe ilikuwa imejikunja, imeinuka kwenye kona kiasi cha kupitisha karatasi. Nilimpelekea kichwa nimeinamisha. Hakunigombeza. Alikipaka mafuta, akakifunga kwenye kitambaa, akakaa nacho siku kadhaa, kikarudi karibu kama awali; ila nikipitisha kidole gumba pale pembeni, bado nausikia ule mwinuko. Pembe na mbao ni vitu vilivyokuwa hai, havitaki joto la ghafla. Mbao ya Opinel nayo inavimba kwenye unyevu mpaka ubapa unagoma kutoka. Wafaransa wana mbinu yao: kamata kisu, gonga kitako cha mpini kwenye meza upande wa nyuma, ubapa unachungulia wenyewe.

Kunoa. Nina jiwe la maji la namba 1000 na jingine laini zaidi la 3000, na hayo mawili yanatosha kwa maisha. Lowesha jiwe, lisimamishe lisiteleze, juu ya taulo. Laza ubapa, uinue mgongo wake kiasi cha nyuzi 15 mpaka 20. Usipime kwa macho, pima kwa mkono: ukiweka wino wa kalamu nene kwenye makali kabla hujaanza, kila msuguo utakuonyesha unakula wapi. Ukifutika wino wa juu tu, umelaza mno. Ukifutika wa ncha ya makali tu, umeinua mno. Sugua upande mmoja mpaka, ukipitisha kidole upande wa pili kutoka mgongoni kuja kwenye makali, usikie kitu kama uzi mwembamba umejikunja. Huo uzi ndio ushahidi kwamba umefika. Wasiojua wanaacha kabla ya uzi, wanasema jiwe bovu. Geuza, fanya upande wa pili, kisha punguza nguvu, punguza tena, mwishoni ni uzito wa kisu peke yake. Malizia kwenye mkanda wa ngozi, ukivuta kwa kurudi nyuma, mgongo ukitangulia. Watu wanajaribia kwenye nywele za mkono. Mimi najaribia kwenye chungwa.

Nina kijana wa miaka 13, na hili ndilo linalonikosesha usingizi kuliko lolote. Mwaka 2019 nilikwenda Coventry kwa ndugu, na nje ya kanisa kuu la pale walikuwa wamesimamisha malaika mrefu wa mita 8 aliyeungwa kwa visu, visu 100,000 vilivyokusanywa na polisi wa nchi nzima. Mabawa yote ni bapa. Nilisogea karibu nikaanza kuvisoma kama ninavyosoma visu: hiki cha jikoni, hiki cha kukatia mkate, hiki cha kukunja, hiki kimefanana na cha kwangu kabisa. Nililia pale. Kuna majina ya watoto yameandikwa kwenye bapa, yaliandikwa na familia zao.

Kwa hiyo mwanangu nimemfundisha kunoa, na ananoa vizuri kuliko mimi nilivyokuwa kwa umri wake. Anamenya, anachonga vijiti, anajua kufunga ubapa kwa vidole vikiwa nje ya njia yake. Lakini kisu chake kinakaa kwenye droo yangu, na ufunguo uko shingoni kwangu. Sheria ya hapa ingemruhusu kukibeba kile kidogo. Mimi simruhusu. Mtoto mweusi wa miaka 13 na kisu mfukoni mtaani kwetu, hakuna atakayesubiri kupima inchi. Aliniuliza kwa nini mimi natembea nacho. Nikamjibu ukweli, kwamba mimi ni mama wa miaka 43 mwenye mfuko wa machungwa, na siku polisi wakiniambia kiache nitakiacha palepale.

Mwezi wa saba nilikwenda nyumbani. Kisu nilikifunga kwenye soksi katikati ya begi kubwa la kupakiwa chini ya ndege, kamwe si la mkononi. Mama alikichukua kile cha pembe, akakigeuza, akakipitisha kwenye chungwa bila kusema neno. Utepe ukashuka mpaka magotini. Kisha akakigeuzia kikombe, akakinoa tena, baada ya kazi yangu yote ile ya mawe mawili, akamenya la pili. Akasema kizuri, ila mpini mwembamba, vidole vyake siku hizi havikunji vizuri, na anaogopa kinaweza kumfungia mkononi.

Nimemwekea ile Opinel namba 8. Mpini wake mnene na mviringo, pete itaushika ubapa usimrudie. Nimeshaipaka vaselini kwenye bawaba kwa ajili ya unyevu wa Muheza, ipo kwenye soksi tayari, inasubiri safari ya Desemba.